Fundi waya wa chini ya mwembe, Gungu: nyota nne, ya tano nimebaki nayo mkononi

Askari wa pale Kidahwe ndiye aliyeniambia kwanza, na aliniambia hivi: "Shikamoo mama. Tela lako lina kigugumizi."

Ilikuwa Alhamisi alfajiri, naenda Kasulu na magunia 12 ya dagaa niliyonunua Kibirizi. Gari langu ni Hilux ya dizeli, namba B, imezeeka lakini haijawahi kuniaibisha. Tela ni la matairi mawili, nililichomeleshea hapahapa mjini Kigoma. Nilikuwa nimewasha indiketa ya kushoto nikae pembeni kama alivyonionyesha. Kwenye gari indiketa ilikuwa inapiga vizuri. Kule kwenye tela, taa za breki za pande zote mbili ndizo zilizokuwa zinakonyeza, tena kwa mwanga wa kusinzia. Nikawasha taa ndogo, basi indiketa ya tela ikafa kabisa. Utingo wangu alishuka kuangalia akarudi ameshika kichwa. Faini 30,000, risiti nikapewa, na Kasulu nikafika wenzangu wameshauza nusu.

Ile 30,000 haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimelipa 85,000 kwa tatizo hilohilo.

Huyo wa kwanza sitamtaja wala sitasema yuko mtaa gani. Aliliangalia tela kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akanituma spea: globu nne na flasha mpya, kile kidude kinachokonyezesha indiketa. Akafunga. Akachukua mita yake, akaichomeka kwenye soketi ya tela nyuma ya gari, ikasoma volti 12.4. Akanigeuzia nione, kama daktari anayekuonyesha picha ya eksirei. "Mama, umeme upo." Palepale taa ziliwaka, nikalipa, nikaondoka nashukuru. Siku ya tatu nikapiga shimo, fyuzi ya taa za nyuma ikaungua, na taa za dashibodi zikaondoka nayo, nikarudi nyumbani usiku sijui hata naenda mwendo gani. Nilipomrudishia gari alichomoa fyuzi ya ampea 15 akaweka ya 30. Akasema hiyo haiungui tena. Na kweli haikuungua. Fyuzi hiyo muishike, nitaifikia.

Sasa huyu wa Gungu. Jina lake siandiki kwa sababu nilimwomba ruhusa akanijibu, "Mama, andika kazi, jina liache." Mkifika Gungu ulizeni fundi waya wa chini ya mwembe, si yule wa pikipiki, yule mwenye benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha Hiace. Nilielekezwa na mama mmoja wa Ujiji anayeuza mawese, aliyetengenezewa gari lake hapo na likakaa mwaka mzima bila kudai chochote.

Nilifika na maelezo yangu marefu, naye akayasikiliza yote mpaka mwisho, jambo ambalo kwa fundi wa magari ni la kuandikwa. Kisha akauliza maswali matatu. Tela likitolewa, gari peke yake linawaka sawasawa? Fyuzi iliungua gari likiwa limesimama au lilipopiga shimo? Na tela hili mwaka huu limebeba nini? Hilo la mwisho nikacheka. Nikamwambia dagaa, madumu ya mawese, na tangu Juni nimekuwa nachukua chumvi Uvinza nikirudi. Akasema "Aha," akaenda kutafuta tochi.

Alianza kwa kulitoa tela. Gari peke yake likawaka kila kitu: breki, indiketa mbili, taa ndogo, ya namba. Kwa hiyo, akasema, flasha yako ya zamani haikuwa na kosa, wala swichi ya breki, wala nyaya za gari. Kosa linaanzia kwenye soketi kurudi nyuma. Dakika 5, bila kufungua hata skrubu moja. Nikakumbuka bei ya ile flasha.

Halafu akakata kijiti cha mwembe, akakibana kati ya kanyagio la breki na kiti ili breki zibaki zimewaka bila mtu ndani. Utingo wangu aliyekuwa ameshakaa tayari kukanyaga akaona amefukuzwa kazi.

Kifaa anachokitegemea fundi huyu kingemfanya yule wa kwanza acheke: globu ya kawaida ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili, mmoja una ncha ya msumari, mwingine una kibanio. Mita anayo, iko kwenye kisanduku, lakini alianza na globu. Akabana kibanio kwenye hasi ya betri, akagusa pini ya breki kwenye soketi kwa msumari. Globu ikawaka kali. Akahamisha kibanio kwenye pini namba 3, ile ya bodi, inayorudisha umeme wa tela lote. Akagusa breki tena. Globu ikawa nyekundu kama kaa la sigara, ikakaa hivyo.

"Sasa lete mita," akamwambia kijana wake. Mita ikagusishwa palepale, pini ya breki na pini ya 3. Ikasoma 12.3.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini nililipa 85,000 bure. Alinieleza kwa bomba la maji, na kwa sisi tunaoishi kwa mgao nilimwelewa mara moja. Bomba lililojaa kutu ndani, ukilifunga koki, maji yanasukuma kama kawaida, ukigusa mpira umevimba unasema maji yapo. Fungua koki uone: yanadondoka. Mita haifungui koki, inachungulia tu, haivuti umeme wa maana. Globu ya 21 inavuta karibu ampea 2, hiyo imefungua. Ndiyo maana mita iliona 12 na taa zangu zikaona giza.

Akaingia chini ya gari. Waya wa bodi wa soketi ulikuwa umefungwa kwa skrubu moja juu ya rangi ya chesisi, na skrubu yenyewe ilikuwa imekuwa kitu cha kijani na cheupe. Akaukata, akanionyesha. Shaba ya ndani, ambayo inatakiwa ing'ae, ilikuwa kijani mpaka karibu kiganja kizima ndani ya ganda. Chumvi, mama. Chumvi inavuta unyevu hewani, inalowa hata kiangazi, inatambaa ndani ya waya. Nikasema labda ni maji ya ziwa, maana gari hushuka mpaka mchangani Kibirizi. Akatikisa kichwa: Tanganyika ni maji baridi, magari ya wavuvi anayatengeneza kila wiki na hayaliwi namna hii. Hii ni Uvinza. Magunia yanavuja, unaosha tela kwa ndoo mbili, maji ya chumvi yanateremka moja kwa moja kwenye soketi.

Nilimuuliza mbona basi indiketa iwashe breki, maana hilo ndilo lililoniletea faini. Majibu yake nayaweka hapa kwa sababu sijawahi kuyasikia kwa fundi mwingine. Globu zote za tela zinategemea njia moja ya kurudi, ule waya mweupe wa pini ya 3. Njia ikiziba, umeme wa indiketa ukishapita kwenye globu yake unakosa pa kwenda, unatafuta mlango wa jirani. Unaingia globu za breki kinyumenyume, unapanda waya wa breki mpaka kwenye gari, unapitia globu za breki za gari ambazo bodi yake ni nzima. Ndiyo hiyo tela linakonyeza breki. Na ukiwasha taa ndogo umeme unakuja pande zote mbili za globu ya indiketa, mbele na nyuma, unakuwa sawa. Maji hayatiririki penye usawa. Kwa hiyo indiketa inakufa.

Nikasema kumbe tela halina kigugumizi, lina njia moja ya kutokea na mlango umefungwa. Akasema mama, ungekuwa fundi. Nikamwambia nilipie kwanza gunia la dagaa ndipo unisifu.

Kuna mtu atauliza, na lile tela si limegusana na gari kwa chuma, bodi si ingepita pale kwenye kirungu cha kuvutia? Ndivyo nilivyouliza mimi pia. Inapita, lakini pale tunapaka grisi ili lisisage, na grisi na kutu havipitishi umeme wa kutegemea. Ndiyo sababu kwenye kona linawaka, kwenye mnyooko linazima, na gerejini kwa yule bwana liliwaka nikalipa. Tela lilikuwa limelala vizuri siku hiyo, basi.

Bodi haikuwa mwisho wa matatizo. Ile fyuzi ilikuwa na mkasa wake. Ili kulipima tela peke yake alileta betri ya bodaboda, akaunganisha hasi kwenye pini ya 3 ya plagi ya tela, na chanya akaanza kugusisha pini moja moja. Njano ikawasha indiketa ya kushoto. Kijani, ya kulia. Nyekundu, breki. Nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Alipogusa ya kahawia, ya taa ndogo ya kulia, taa iliwaka, halafu kijana wake aliporuka ndani ya tela kama nilivyopiga lile shimo, cheche zikaruka na waya ukapata moto mkononi mwake. Shoti. Ukaguzi wa tochi ukaonyesha waya umepita juu ya springi bila mpira wowote, tela likishuka springi inautafuna. Miaka miwili unatafunwa.

Akachomoa fyuzi ya 30 kwenye gari, akaiweka kwenye kiganja changu na hakusema neno. Kisha akafuata waya wa taa ndogo mpaka nyuma ya kiti, akanigusisha. Ganda lilikuwa limelainika na kuvutika kama bazoka iliyotafunwa. Fyuzi inakaa pale ili iungue yenyewe kabla ya waya. Ukiweka kubwa kuliko waya unavyoweza kubeba, waya ndio unageuka fyuzi, na waya huo umepita nyuma ya kiti cha sponji, chini ya miguu yako. Mimi hulala ndani ya gari hilo usiku wa mnada. Na mawese yako nyuma. Sikutaka kuendelea kufikiria, niliomba maji.

Kwa haraka: moja kati ya zile globu nne mpya ilikuwa imelazimishwa kinyume. Globu za nyuma zina nyuzi mbili, ya 21 ya breki na ya 5 ya taa ndogo, na vijipini vyake havilingani urefu makusudi usikosee. Mtu aliisaga kipini ikaingia. Kwa hiyo upande huo taa ndogo ilikuwa kali na breki hafifu.

Kazi yenyewe. Alikata nyaya zote zilizoliwa mpaka akapata shaba nyekundu safi, hakuhurumia urefu. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, akachomeka chuma cha risasi kwenye jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani na kuunga kwa risasi, kila kiungo kikavishwa mpira kabla ya tepu. Bodi ya soketi akaisogeza mahali papya: akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga kwa bolti na washa yenye meno, juu akapaka grisi (baada ya kukaza, si kabla, alirudia hilo mara mbili kwa kijana wake). Akavuta waya mweupe mnene kutoka pini ya 3 mpaka kwenye kila taa ya tela, hakutegemea mabati. Penye springi nyaya zote akazipitisha ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyoachiwa nafasi ya kucheza. Soketi akaigeuza mdomo uangalie chini ili maji yasikae.

Mwisho alichukua kipande cha boksi, akachora duara na pini saba, akaandika namba na rangi. Moja njano indiketa kushoto, mbili bluu, tatu nyeupe bodi, nne kijani indiketa kulia, tano kahawia taa ndogo kulia, sita nyekundu breki, saba nyeusi taa ndogo kushoto. Nimelibandika ndani ya dashibodi. Alinionya nisiamini rangi kwenye tela la mtu mwingine, wachomeleaji wetu hutumia waya wowote uliobaki kwenye boksi. Akanisimulia tela moja la boti lililoletwa kutoka Marekani likiwa na nyaya nne tu: kule breki na indiketa za tela hupita waya mmoja, upande kwa upande. Ukilifunga kwenye gari la Kijapani lenye indiketa ya njano pekee yake, hupati breki, au unapata vurugu, mpaka uweke kisanduku cha kuchanganya katikati. Alikitengeneza kisanduku mwenyewe? Sikuuliza, nilikuwa naangalia jua linavyoshuka.

Hesabu yangu: kazi 40,000, waya mnene mita 7 kwa 14,000, plagi mpya 12,000, fyuzi tatu za 15 kwa 1,500. Jumla 67,500. Spea alinituma nikanunue mwenyewe nirudi na risiti, hakuongeza hata mia. Yule wa kwanza alinizidi 17,500 na faini juu.

Sasa nyota ya tano. Aliniambia saa tatu asubuhi, alifika saa tano, amebeba maandazi, hana hata haraka ya kusema samahani. "Mwakeye mama," salamu ya Kiha, basi, kana kwamba tumepishana sokoni. Alimaliza saa kumi na nusu. Katikati alisimama mara mbili kubishana na wa pikipiki kuhusu Simba na Yanga, na mara moja ubishi ulifika mahali nikamwambia, mwanangu, mimi sikuja kumsikiliza kocha. Hakuna kivuli zaidi ya huo mwembe. Mvua ikinyesha kazi imekwisha. Hana risiti ya kazi yake, na kwa sisi tunaoandika matumizi hilo ni usumbufu. Choo uombe kwa mama ntilie. Na hapokei simu akiwa chini ya gari, na huwa chini ya gari siku nzima.

Ahadi yake ilikuwa ya mdomo: ikizima ndani ya mwezi, rudi, hulipi. Sasa ni wiki ya sita. Nimekwenda Kasulu mara nne na Uvinza mara moja (chumvi sasa naipakia juu ya turubai, na tela naliosha kwa mpira, si kwa ndoo mbili). Taa moja ilizima, ya namba. Nilirudi nikidhani nimemkamata. Akaitoa globu, akaitikisa sikioni kwangu, uzi ulikuwa umekatika kwa mtikisiko. Akaweka nyingine, akachukua 1,000 ya globu, kazi hakuchaji. Pale Kidahwe nilisimamishwa tena wiki iliyopita na kijana yuleyule. Akazunguka nyuma, akaniambia nikanyage, niwashe kushoto, niwashe kulia. Akanipungia mkono nipite. Utingo wangu alitaka atusifie kidogo, hakutusifia.

Kilichobaki ni waya wa bluu, namba 2. Kwa kawaida ni wa taa ya ukungu, na tela langu halina. Fundi anasema anaweza kuuhamishia taa ya rivasi, maana naingiza tela kinyumenyume kwenye uchochoro wa nyumbani usiku na nimeshagonga ukuta wa jirani mara mbili. Anataka 10,000 na taa nije nayo. Nimemwambia Jumatatu saa tatu. Nitakwenda saa tano.